Chupa Niliyoinusa Nisisikie Kitu

Kuna mvinyo mweupe unaotoka Uhispania, upande wa baharini, kule juu kwao kunakonyesha mvua sana, na mvinyo huo hauna mambo mengi. Unataka baridi, lakini si baridi ya kuganda. Unataka samaki. Unataka glasi isiyojazwa. Basi. Mengine watu wanajiongezea. Nimeumimina miaka mingi, kwanza kwenye hoteli moja katikati ya jiji la Nairobi, halafu katika nyumba hii ya Lavington ninakopika mpaka leo, na sijawahi kumeza hata tone, kwa sababu mimi nimeokoka. Nauonja, nautema. Siku hizi hata kuonja hakunisaidii, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuandika, kama nitaifikia. Mimi nikianza kusema huwa napitia mlango wa nyuma.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mambo ya mvinyo sikuyasoma, nilionyeshwa. Pale hotelini mkubwa wetu wa meza alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya jogoo. Alitupanga kwa mstari nyuma ya jikoni akatuambia: ukifungua chupa, nusa kizibo, kisha mimina kidogo kwenye glasi unuse tena. Mvinyo mzuri wa namna hii unanuka ndimu na tofaa bichi, na ukiuweka ulimini unakuwa na chumvi kidogo, kama umelamba mkono baada ya kuogelea baharini. Mimi wakati huo sikuwa nimeiona bahari. Nilishika tu. Mvinyo ulioharibika na kizibo unanuka karatasi iliyolowa, au gunia lililolala ghalani mvua ikalikuta. Hiyo niliijua, magunia nimebeba. "Pua ndiyo kazi," alisema. "Ulimi ni wa kuhakikisha tu."

Basi kanisani kwetu, huku Kawangware, mzee wa kanisa mmoja akasikia kwamba kazi yangu ina pombe ndani. Akaniita mbele ya wengine.

"Unaiingiza kinywani?"

"Naiingiza."

"Inafanya nini huko ndani?"

"Naizungusha."

"Halafu?"

"Natema."

Akafikiri. "Sasa hiyo si kunywa. Hiyo ni kusukutua."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje akajishika kwenye ukuta. Kwa miaka mingi nikitoka kazini alikuwa ananiuliza, "Leo umesukutua ngapi?" Alikufa mwanzoni mwa mwaka huu. Alikuwa anafua, akasema amechoka, akalala, na hakuamka. Tulimpeleka nyumbani Machakos, tukamzika kando ya jikoni lake kwa sababu hapo ndipo alipopenda kukaa. Sikulia. Watu waliniangalia wakingoja nilie, nami nikawa nawaangalia wao.

Baada ya mazishi mtu akanipa kikombe cha chai. Nilikunywa nikadhani wamesahau majani na sukari na maziwa, wamenipa maji ya moto. Nikatazama ndani, chai ilikuwa nyeupe kwa maziwa. Nikanywa yote. Jioni walinipa nyama, nikatafuna kitu kama mpira wa ndala. Nikanusa moshi wa kuni nisisikie. Nikadhani ni uchovu, utaisha. Niliporudi Nairobi nikanunua pilipili, nikaitafuna nzima, ikanichoma kama kaa la moto lakini haikuwa na ladha ya pilipili. Ulimi ulisikia moto tu. Muuza dawa akaniambia ni mafua yamejificha, akanipa vidonge. Nilimaliza vidonge.

Kwa Mama, ninayemfanyia kazi, sikusema. Ni mjane, alistaafu serikalini, na ni mtu mzuri. Hapo ndipo penye shida. Mtu mbaya angenipigia kelele tukaendelea. Huyu angesema, "Mzee, umefanya kazi ya kutosha, enda nyumbani upumzike." Angeniaga vizuri, angenipa mablanketi. Nami nyumbani nina nini? Nina nyumba ya mabati, viti viwili, na kaburi ninaloliona nikifungua mlango. Watoto wana nyumba zao na hawanihitaji isipokuwa Krismasi. Hapa Lavington asubuhi kuna kuku wa kuondolewa kwenye friji, kuna sufuria, kuna mtu wa kuuliza chakula kiko tayari. Nilitaka kubaki na hiyo kazi. Sikutaka kitu kingine chochote, hata kupona sikuwa nakutaka sana.

Kwa hivyo nikawa napika kwa macho na mkono. Kitunguu kinajulikana kwa rangi. Mchele unajulikana kwa sauti, ukikauka maji unaanza kunong'ona. Chumvi nilikuwa natia kwa vidole vitatu, vile nimetia maisha yangu yote. Mama alikula, akanyamaza, sahani ikarudi tupu. Nikasema basi, itawezekana.

Halafu binti yake akarudi na wakwe.

Huyu binti ni mtoto pekee. Alienda Uhispania kusoma, akapata kazi, akapata na mwanamume. Sasa kijana akaleta baba yake na mama yake waone nyumba ya msichana inakaa aje, maana binti alikuwa amewaambia kwetu huwezi kuoa mtu ambaye wazazi wako hawajakula kwao. Wazee wenyewe wanatoka kijiji cha baharini. Baba mtu alikuwa mvuvi wa kome kabla ya mgongo kumshinda, na ndugu zake wana mizabibu. Alikuja na katoni ya ule mvinyo, ameikumbatia tangu uwanja wa ndege kama mtoto mchanga.

Mama akaniita sebuleni. "Mzee, Jumamosi ni samaki. Hawa ni watu wa bahari, watajua. Usiniangushe."

"Sitakuangusha, Mama."

"Na ndugu yangu anakuja."

Ndugu yake ndiye mjomba wa msichana, na katika mambo ya wakwe lazima awepo, yeye ndiye msemaji. Ni mzee wa Machakos kama mimi, mwalimu mkuu aliyestaafu, na hajawahi kukaa mahali akanyamaza. Samaki hali kabisa. Mama akasema nitume mtu Dagoretti aniletee mguu wa mbuzi, huo uwe wake, ndio tupate amani.

Ijumaa nikaenda soko la jiji mwenyewe. Huwa nachagua samaki kwa pua, na siku hiyo pua haikuwepo, kwa hivyo nikatumia vidole na macho: jicho liwe limetuna, shavu kwa ndani liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Mama muuza samaki ananijua siku nyingi.

"Mzee, leo hunusi? Ama umeanza kuniamini?"

"Nimekuamini."

"Haya, nimeshtuka. Chukua kamba hawa wakubwa, wameingia asubuhi kutoka Mombasa. Mkamba anunue kamba, si ndiyo vizuri?"

Utani huo ananifanyia kila mara na kila mara huwa najibu. Siku hiyo nilimpa pesa tu. Akaniangalia, akaongeza ndimu kwenye mfuko bila kuniambia. Nikabeba kamba, pweza mmoja, na samaki changu wawili wazima.

Yule baba wa kijana alikuja jikoni jioni hiyo na binti akimtafsiria. Mtu mpana, mikono yake ina makovu madogo madogo ya kome. Akauliza pweza nitampika namna gani. Nikamwambia nitamchemsha taratibu mpaka kisu kiingie bila kulazimishwa, halafu nimkate, nimwage mafuta ya zeituni na paprika, ile pilipili ya unga isiyowasha, na chumvi ya mawe, juu ya viazi. Akanipiga begani.

"Anasema ni kama kwao," binti akasema. "Anasema asante."

"Mwambie kamba nitawachoma na kitunguu saumu na ndimu. Nazi sitatia, na pilipili nitaweka kando. Nazi ikizidi mvinyo huu unapotea, na pilipili inaufanya uwake."

Haya nilikuwa nayasema kama mtu anayesoma kibao cha njia anayoijua. Yeye akayatafsiri, mzee akaitikia kwa kichwa, akazipanga chupa zake kwenye friji mwenyewe, chini, mbali na sehemu ya kugandisha. Alivyozilaza taratibu vile, niliona kwamba kwake chupa hizo zilikuwa ndiyo barua ya kuposa.

Jumamosi mjomba akafika mapema, na suti, na fimbo. Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu.

"Mutumia," akaniita, yaani mzee, kwa Kikamba chetu. "Pole tena kwa mama watoto."

"Asante."

"Unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

Akafunua sufuria, akaona pweza, akafunika haraka. "Sasa mimi nimetoka Machakos kuona wakwe napewa kitu cha mikono nane?"

"Yako ni mbuzi."

"Ah. Mungu yuko." Akaona chupa. "Na hiyo divai, yangu usiweke kwa friji. Mimi ni wa moto. Meno."

Watu wa huku kwetu wanajua. Ukiingia baa yoyote Nairobi unaulizwa moto ama baridi, na wazee wengi wanasema moto, yaani chupa iliyokaa tu kabatini, haijaona friji. Bia ya moto, soda ya moto. Mvinyo huu mweupe ukiunywa hivyo unalegea, ule ukali wake wa ndimu unakuwa kama maji ya kuoshea matunda. Lakini mimi si wa kumkataza mjomba. Nikatoa chupa moja, nikaiweka kando ya jiko.

Wageni wakakaa. Mama kwenye kichwa cha meza, mjomba upande mmoja, wazee wa kijana upande wa pili, vijana wawili mwishoni wameshikana mikono chini ya meza kana kwamba hatuoni. Nikaleta ndoo ya barafu. Barafu peke yake haipozi chupa vizuri, lazima utie na maji. Nikafungua chupa ya baridi. Nikanusa kizibo. Hakuna. Nikamimina kidogo kwenye glasi yangu pale kwenye meza ya pembeni, nikanusa. Hakuna. Nikaweka kinywani, nikasikia baridi kwenye meno, nikatema kwenye kikombe changu kama kawaida. Hakuna. Ningefanyaje? Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikainamisha kichwa vile nimeinamisha miaka yote, kumaanisha iko sawa.

Hotelini, mvinyo wa kwanza wa kuonjwa unamiminiwa mwenye meza. Mama akafunika glasi yake kwa mkono, akanielekeza kwa mgeni, kwa sababu kwetu mgeni ndiye wa kwanza. Nikamimina, theluthi ya glasi, nikazungusha chupa mdomo usidondoshe. Yule mzee akatabasamu, akainua, akapeleka puani.

Tabasamu likabaki usoni bila mtu ndani yake.

Alinusa tena. Akaiweka glasi chini polepole. Mkewe akaichukua, akanusa, akamwangalia. Akasema neno moja kwao. Binti hakutafsiri. Mbwa wa jirani alibweka nyuma ya ukuta wao. Mama hakumwangalia mgeni. Aliniangalia mimi.

Mzee wa watu akaanza kusema, maneno mengi, shingo imekuwa nyekundu. Binti akatafsiri kwa sauti ndogo. "Anasema samahani sana. Hii chupa imeharibika na kizibo. Anasema ni aibu yake, ameileta mwenyewe kutoka nyumbani. Anasema hakutaka ije kwenu hivi."

Ikawa sasa yeye ndiye anayeomba msamaha, kwenye nyumba yetu, kwa kosa ambalo mimi nililiacha likapita. Nilitaka kusema ni mimi. Nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi kama msumari wa kutundikia makoti.

"Imeharibika aje?" mjomba akauliza. "Lete hapa." Akaivuta glasi ya mgeni, akanywa yote, akalamba midomo. "Hii haina shida! Ni baridi tu imeipiga. Mutumia, leta ile yangu ya moto. Mpe mkwe. Divai ni kama mtu, ukiifungia kwa baridi itanuna."

"Mjomba, tafadhali," binti akasema.

"Tafadhali nini? Mwambie. Mwambie Machakos tunakunywa hivi."

Binti akatafsiri huku amefunika uso. Nikaleta ile chupa iliyokaa karibu na jiko, nikaifungua bila kunusa, kwa kuwa kunusa kulikuwa uongo, nikamimina. Mzee alipeleka puani, na safari hii mabega yakashuka. Ilikuwa nzima. Ilikuwa moto, lakini nzima. Akainywa. Mvuvi mzima wa Uhispania akanywa mvinyo wa ndugu zake ukiwa vuguvugu, mbele ya pweza, akamwangalia mjomba wetu, akasema kitu.

"Anasema," binti akaanza, akacheka akashindwa, akaanza tena, "anasema baba yake alikuwa akinywa hivi hivi kwa mtumbwi. Hakukuwa na friji."

"Si nilisema!" mjomba akapiga meza. "Huyu ni mtu! Mpe msichana!"

Mke wa yule mzee alicheka mpaka akajifuta macho na kitambaa cha meza. Baada ya hapo mambo yalienda. Nilifungua nyingine za baridi, yeye mwenyewe akawa ananusa, na kamba waliisha, na mjomba akala mbuzi wake, mwishoni akaonja mkono mmoja wa pweza akasema ni kama figo. Waliongea habari za arusi. Niliwaona wanafurahi. Nilikuwa nawaona kama mtu anayeangalia televisheni ya dukani akiwa nje ya kioo.

Walipotoka bustanini kupiga picha, Mama akaja jikoni. Hajawahi kuja jikoni na wageni wakiwepo. Alifunga mlango.

"Uliinusa ile chupa."

"Niliinusa, Mama."

"Na?"

"Sikusikia kitu."

"Ulikuwa mbali ama hukusikia?"

Nikazima jiko ingawa lilikuwa limeshazimwa. "Sisikii harufu. Wala ladha. Tangu mazishi."

Alikaa kwenye kile kigoda changu cha kumenyea viazi, yeye na nguo yake nzuri. "Miezi hii yote?"

"Ndiyo."

"Kumbe ndiyo sababu ya ile chumvi."

"Chumvi gani?"

"Mzee, chakula chako kimekuwa chumvi tupu. Cha leo wageni wamemaliza kwa sababu ni watu wa bahari na ni watu wa adabu. Mimi nakunywa maji jagi nzima kila jioni. Nilidhani umenikasirikia kwa sababu sikulala matangani. Nikasema wacha nile, hasira itaisha."

Vidole vyangu vitatu nilivyoviamini vilikuwa vinatia kiasi gani, sijui. Sahani zilikuwa zinarudi tupu.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenirudisha nyumbani."

"Ndiyo, ningekurudisha. Ukapumzike."

"Nyumbani kuna nini, Mama?"

Alijua kuna nini, alikuwa amekuja kwenye mazishi, aliona viti. Yeye pia nyumba yake ina vyumba ambavyo hafungui. Huko nje tukamsikia mjomba akimfundisha yule Mhispania kusalimu kwa Kikamba, na yule akijibu vibaya, na wote wakicheka.

"Sasa tutafanyaje?" akauliza, na nikaona ananiuliza kweli, si kunipima.

"Mimi naweza kupika. Kuonja ndio siwezi."

"Basi mimi nitakuwa naonja."

"Wewe ni mwenye nyumba."

"Ulimi nao ni wangu. Lete kijiko."

Nikampa kijiko. Akaonja mchuzi wa samaki uliobaki, akakunja uso, akanionyesha kwa kidole mtungi wa maji. Nikaongeza. Akaonja. Akaonyesha tena. Nikaongeza tena. Kwenye meza kulikuwa na chupa iliyobaki robo, ya baridi, ile nzuri. Akajimiminia kidogo kwenye kikombe cha chai, akanywa juu ya kipande cha changu alichokichukua kwa mkono.

"Inakuwaje?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza, nimeujua mvinyo huo kabla yeye hajaujua.

Akafikiri sana. Si mtu wa mvinyo. "Ni chachu," akasema. "Halafu samaki anakuja, halafu... sijui, Mzee. Ni kama kinywa kimeoshwa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndivyo unavyotakiwa kuwa."

Tangu siku hiyo, kabla ya chakula, Mama huja jikoni na miwani yake kichwani, ninampa kijiko, anaonja, anasema bado, au anasema tosha. Mimi sijasikia ladha yoyote mpaka leo. Wageni walirudi kwao, arusi ni mwezi wa Desemba, wamesema wataleta katoni nyingine. Leo ni tilapia. Nimeshamtoa kwenye friji, nimemkata mistari ubavuni, nimemweka ndimu. Mama amesema atakuja saa sita na nusu, nisitie chumvi kabla hajafika.